Mzee Aliyepooza Akianza Kuanguka Kifafa



Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazungumzia jambo tulilolikuta Sirari, mji ule wa mpakani wilayani Tarime unaotazamana na Isebania ya Kenya. Mzee mmoja mfanyabiashara, mtu wa safu ya mbele msikitini, alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Kwa rehema za Allah na mazoezi aliyofanyishwa na wanawe, akafikia kujikongoja hadi barazani. Mwaka ulipokaribia kutimia, alfajiri moja, mkono ule ule uliopooza ukaanza kuchezacheza, mdomo ukaenda upande, kisha mwili mzima ukakakamaa na kutetemeka, povu likamtoka. Tangu siku ile nyumba ikagawanyika. Mtoto mkubwa alimpeleka baba hospitali, akarudi na vidonge. Wadogo zake wakasema kupooza kulikuwa maradhi, lakini hili la sasa ni la mkono wa mtu: mzee katupiwa jini na washindani wake wa biashara.

Tukaitwa sisi. Na hapa inatubidi tuseme kweli ijapokuwa inatuuma. Tulimsomea mzee, tukamwombea dua, tukanywa chai, tukaondoka, wala hatukutamka neno lolote juu ya dawa. Ukimya wetu wakaufanya fatwa. Vidonge vikawekwa juu ya kabati, na wiki chache baadaye mzee akaangukia jiko la mkaa, akaungua mkono wa kushoto, yaani ule mmoja uliokuwa ukimfaa.

Lau tungaliuliza mapema, tungaliambiwa na matabibu kuwa mambo haya mawili ni mtu na mdogo wake. Ubongo hufanya kazi kwa mikondo midogo ya umeme. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba ama kwa mshipa kupasuka, na mahali pale hubaki kovu. Chembe zinazozunguka kovu zaweza kutoa umeme kwa fujo, na fujo hiyo ndiyo degedege tunayoiona. Ikitokea ndani ya siku 7 za mwanzo, huhesabiwa kuwa ni mshtuko wa jeraha bichi na huenda isirudi. Ikija baada ya hapo, iwe kwa miezi au miaka, mambo ni mengine. Mwaka 2014 jumuiya ya kimataifa ya mabingwa wa kifafa ilieleza kuwa hata tukio moja latosha kuitwa kifafa iwapo uwezekano wa kurudi katika miaka 10 ni asilimia 60 au zaidi, na degedege iliyochelewa baada ya kiharusi imo humo. Basi asingoje mtu aanguke mara ya tatu.

Wala tusidhani hili ni la nyumba moja. Uchunguzi uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, viharusi vipya takriban 109 wilayani Hai na takriban 316 Dar es Salaam, baada ya kuzingatia tofauti za umri. Nyuma yake mara nyingi ipo presha isiyotibiwa.

Atakayetwambia kuwa tunakanusha majini, tunamrudisha kwa Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad. Yeye alitaja kifafa cha namna mbili, kimoja cha roho na kimoja cha mwili ambacho ni kazi ya matabibu. Mtu ambaye ubongo wake umeumia mbele ya macho yetu, twamtafutia jini la nini? Kisomo ni chema na tutaendelea nacho, lakini hakiondoi kidonge.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa huanguka na kufunuka mwili. Akahiyarishwa kati ya subira yenye Pepo na kuombewa dua, akachagua subira, ila akaomba asifunuke, naye akaombewa. Wapo wanaoitumia habari hii kuzuia matibabu, wakasahau kuwa Mtume huyo huyo aliamrisha kujitibu. Sisi tunachokiona humo ni kuwa mama yule hakufungwa, hakufichwa chumba cha nyuma, na alichokililia ni sitara yake. Leo mzee akianguka watu humkimbia wakiogopa povu. Hofu hiyo ni ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall wa Norway aliikuta Mahenge alipoanzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, wagonjwa wametengwa na wana makovu ya moto. Povu haliambukizi.

Akianguka, ondoeni jiko na vyote vigumu, mlegezeni ukosi wa kanzu, mlazeni ubavu, mfunikeni. Msimtie kijiko mdomoni wala msimkandamize. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Jueni pia kuwa upande uliopooza waweza kulegea zaidi kwa saa kadhaa baada ya degedege. Lakini kwa kuwa chaweza kuwa kiharusi kipya, muacheni daktari aamue.

Dawa isikatizwe ghafla, maana kuikatiza kwaweza kuleta degedege mfululizo zinazoua. Watu wa mpakani hununua dawa upande huu na ule, na majina ya maboksi hutofautiana. Basi nendeni na boksi lenyewe kliniki. Ikimlewesha mzee akapepesuka, semeni, kipimo hurekebishwa. Na dawa ya presha iendelee.

Mzee wetu sasa anameza fenobabitoni kila usiku baada ya Isha. Alituuliza juu ya wudhuu, tukamjibu kuwa akipotewa na fahamu umetenguka, atawadhe upya. Akauliza juu ya Ramadhani. Tulimwambia kidonge chake ni cha usiku, hakigongani na saumu, ila kukosa usingizi kwaweza kuamsha degedege, hivyo amuulize daktari kwanza. Daktari akimkataza, basi ale, na kwa kuwa maradhi yake ni ya kudumu, atatoa fidia ya kulisha maskini mmoja kwa kila siku.