Kukubali kwa kuchoka si kukubali



Jumatatu moja asubuhi nilipokea ujumbe wa simu kutoka namba nisiyoifahamu. Ulimtaja mama mmoja wa parokiani kwa majina yake yote, ukasema ni mdaiwa sugu, ukanitaka nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana. Sikuwa mdhamini wake, wala sikuwahi kusikia habari za mkopo huo. Kumbe mwenyekiti wa jumuiya yake, mwalimu wa mwanawe na hata mkwewe walikuwa wamepata ujumbe huohuo.

Mama yule alikuja ofisini akilia. Aliniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja jina, ili wengine wajifunze. Alikopa shilingi 50,000 kupitia programu ya simu, usiku, mtoto akiwa na homa na hela ya dawa haipo. Nikamuuliza, "Mama, hao watu namba yangu wameipata wapi?" Akajibu, "Baba, simu iliniuliza kama naruhusu isome majina yote niliyohifadhi. Nikabonyeza nakubali. Ningefanyaje?"

Swali hilo, ningefanyaje, ndilo ninaloomba tulitafakari Dominika hii.

Mama huyu si wa peke yake. Unafungua kivinjari cha simu usome habari au uangalie matokeo ya mtihani ya mwanao. Kabla hujasoma hata mstari mmoja, kinakuja kisanduku kinachokuomba ukubali vidakuzi. Hivyo ni vijikumbukumbu ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, na nia haikuwa mbaya: duka la mtandaoni liweze kukumbuka ulichokwisha kuweka kwenye kapu. Baadaye kampuni za matangazo ziligundua kwamba zikiweka vidakuzi vyao katika tovuti nyingi, zinaweza kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Ndiyo maana leo unaulizia bei ya cherehani, na kesho matangazo ya cherehani yanakusubiri kila unapokwenda.

Wewe una bando kidogo na haraka nyingi. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa kimefichwa, au hakipo, au kinakupeleka kwenye ukurasa mwingine wenye maswali kumi. Unabonyeza nakubali ili upite.

Usidhani haya ni mawazo ya padri asiyejua teknolojia. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook. Kosa lilikuwa hilo hilo. Kukubali vidakuzi kulihitaji kubonyeza mara moja, lakini kukataa kulihitaji kubonyeza mara kadhaa. Mamlaka iliona kwamba mtu anayechoshwa namna hiyo hajaachiwa uhuru wake.

Kuna na aina nyingine ya kubanwa. Januari 2021 WhatsApp iliwatangazia watumiaji wake masharti mapya, ikiwataka wayakubali kufikia tarehe 8 Februari. Baada ya malalamiko makubwa duniani ilisogeza tarehe hadi 15 Mei, ikieleza kwamba mazungumzo ya watu binafsi hayaguswi. Lakini jiulize: kama taarifa za misiba, za mazoezi ya kwaya na za michango ya harusi zote zinapita humo, nani kati yetu angeweza kusema hapana? Ukikataa, unajitenga na watu wako.

Sisi mapadri tunalijua vizuri neno kukubali, kwa sababu ya ndoa. Wachumba wanapokuja, naketi na kila mmoja peke yake. Namuuliza kama anakuja kwa hiari, kama kuna anayemlazimisha, kama anajua anachokiahidi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza nafasi ya ridhaa hiyo. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Kubonyeza kitufe si sakramenti, najua. Lakini binadamu ni yule yule. Ridhaa inahitaji mambo mawili: kujua unachokubali, na kuweza kukataa. Kimoja kikikosekana, kinachobaki ni kidole kilichogusa kioo.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha namna mbili za kukubali. Ya kwanza ni ya Esau, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 25. Anarudi kutoka porini amechoka na ana njaa. Ndugu yake Yakobo ana chakula jikoni, lakini anakiuza kwa bei ya haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau anaapa, anakula, anakunywa, anaondoka. Maandiko yanamlaumu kwa kuidharau haki yake, na ni kweli alikosa. Lakini Yakobo naye hatoki safi, maana alijua saa ya kumwendea ndugu yake. Aliingoja njaa. Programu ya mkopo inayomtaka mama wa mtoto mgonjwa atoe majina ya watu wote anaowafahamu, usiku wa manane, nayo inaingoja njaa.

Ya pili ni ya Bikira Maria, katika Injili ya Luka sura ya kwanza. Malaika anamweleza kinachotakiwa. Maria hakubali papo hapo. Anauliza jambo hilo litawezekanaje, na malaika hakasiriki, anamjibu. Ndipo Maria anajitoa kwa moyo wote. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mungu Mwenyezi, aliyetuumba bila kutuuliza, alipotaka kuja kwetu alimuuliza binti wa Nazareti, akampa nafasi ya kuuliza, akangoja jibu. Ikiwa Mungu anaiheshimu ridhaa ya mtu kiasi hicho, mfanyabiashara ni nani hata aipore?

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa yule mama ni kwamba lawama kubwa si yake. Kuna dhambi ya anayetega. Serikali nayo imeanza kuliona hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mkristo anayelalamika mahali panapohusika hafanyi ukorofi. Anamtetea na jirani yake atakayetegwa kesho.

Jibu la pili linatuhusu sisi tunaobonyeza. Fungua mipangilio ya simu yako, sehemu ya ruhusa, uone ni programu zipi zinazosoma majina, picha na mahali ulipo. Tochi haihitaji kujua namba ya mama mkwe wako. Ondoa ruhusa isiyo na sababu. Kwenye kivinjari futa vidakuzi mara kwa mara, na kisanduku kikija, tafuta kwanza palipoandikwa kataa. Wala usidhani kwamba hali fiche ya kivinjari ni kama kiti cha kitubio. Hiyo huzuia tu historia isibaki kwenye simu yako. Tovuti unazozitembelea bado zinaweza kukuona. Aprili 2024, ili kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi zilizohusu watu waliotumia hali fiche ya kivinjari cha Chrome wakidhani hawafuatwi.

Tena kumbuka kwamba majina yaliyomo kwenye simu yako si mali yako peke yako. Kila aliyekupa namba yake alikuamini wewe. Unaporuhusu yasomwe, unakubali kwa niaba ya watu mia mbili ambao hawakuulizwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2492, inatutaka tuwe na kiasi kuhusu maisha ya faragha ya watu wengine. Hilo linahusu ulimi, na siku hizi linahusu kidole pia.

Jibu la tatu ni gumu kidogo, na naanza na mimi mwenyewe. Nilipomaliza kukasirikia ile kampuni iliyomtangaza mdaiwa wake, nilitoka nje nikapita kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Palikuwa na orodha ya familia ambazo hazijamaliza mchango wa ujenzi, kwa majina na kwa kiasi. Mimi ndiye niliyeruhusu ibandikwe. Nani aliwauliza? Nikakumbuka pia picha za wagonjwa wetu wakiwa kitandani, tunazozirusha kwenye makundi ya simu tukiomba sala. Upendo upo, lakini je, mgonjwa aliulizwa? Tunazidai kampuni kubwa ziheshimu ridhaa yetu, nasi ridhaa ya ndugu zetu tunairuka. Orodha ile niliibandua siku hiyo hiyo. Anayedaiwa mchango tutaongea naye faragha, kama Bwana wetu alivyotufundisha katika Mathayo sura ya 18 kumwendea ndugu kwanza tukiwa wawili tu.

Na yule mama? Mwenyekiti wa jumuiya yake aliupata ujumbe saa ile ile niliyoupata mimi. Hakuusambaza kwenye kundi la jumuiya, wala hakumpigia mtu kuusimulia. Aliufuta, akachukua kanga yake, akaenda kumwangalia mtoto mgonjwa. Habari za deni hakuzigusa mpaka mwenye deni alipoanza kuzisema mwenyewe.

Nakutakia Dominika njema.