Fizi: bastola ikionekana ina kasoro, mnunuzi anaipeleka wapi?

Mtu akinunua simu sokoni Baraka na usiku uleule ikakataa kuwaka, kesho yake asubuhi anarudi kwa aliyemuuzia. Watapigizana kelele, watu watakusanyika, mwishowe atapewa nyingine au nusu ya franga zake. Akinunua bastola, mambo ni mengine. Aliyemuuzia hana duka wala risiti, na pengine amekwisha kuvuka ziwa. Fundi wa kuaminika hayupo. Na akiipeleka kwa polisi kuuliza kama ni nzima, swali la kwanza halitakuwa juu ya bastola. Litakuwa juu yake mwenyewe.

Swali hili linaweza kuonekana dogo katika teritwari iliyojaa mambo makubwa. Lakini silaha za mkononi ndizo zinazoingia majumbani, na kila vita vinapotusogelea zinaongezeka. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, askari wa FARDC waliorudi nyuma walipita Uvira, na huko waligongana na Wazalendo waliotaka waache bunduki zao kabla ya kuendelea na safari. Desemba 2025 waasi waliingia Uvira yenyewe, na barabara ya kitaifa namba 5 kuja Baraka ikajaa tena watu, raia pamoja na wenye silaha. Silaha inayoachwa na askari anayekimbia haipotei. Inampata mwenyewe mpya, na huyo mara nyingi hajui ilikotoka, ilitumika miaka mingapi, wala ilianguka mara ngapi.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayepanda Misisi kununua dhahabu. Njia ni mbaya, wanyang'anyi wapo, vizuizi havihesabiki. Anaambiwa bastola itamlinda. Anaipata, anaificha ndani ya begi, na siku ya kwanza anagundua kitu kinachomtia wasiwasi: kifyatulio ni chepesi mno, au risasi imekwama, au ameivuta na haikulia. Je, ni mbovu, au ni yeye asiyeijua?

Hata mahali penye maduka, sheria na mafundi, swali hilo halijibiki kwa urahisi. Marekani, bastola aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer imekuwa mahakamani kwa miaka. Mwaka 2017 kampuni ilijitolea kubadilisha vipande vya ndani bila malipo, baada ya kuonekana kwamba bastola ikianguka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Wenye kuitumia, wengi wao polisi, waliendelea kulalamika kwamba imelia ikiwa kwenye mfuko wa kiunoni, hakuna aliyeigusa. Kampuni inakataa: inasema bila kifyatulio kuvutwa haiwezi kulia. Mwaka 2024 wazee wa mahakama wa Georgia na wa Philadelphia waliamua dhidi ya kampuni, na huko Philadelphia fidia ilifika dola milioni 11. Julai 2025 askari mmoja wa jeshi la anga alikufa katika kambi ya Wyoming, na kitengo chake kikasimamisha matumizi ya bastola hiyo ya kijeshi. Kumbe uchunguzi ulipoendelea, askari mwenzake alikamatwa kuhusu kifo hicho, na mwezi uliofuata bastola zikarudishwa kazini baada ya kukaguliwa.

Angalia jambo hilo vizuri. Nchi yenye maabara na wataalamu wa kila namna bado inabishana kama kosa ni la chuma au la mtu. Tena sheria yao ya mwaka 1972 juu ya usalama wa bidhaa inagusa pasi ya nguo na kitanda cha mtoto, lakini bunduki imewekwa nje, kwa hiyo hakuna ofisi ya serikali inayoweza kuiamuru kampuni irudishe bunduki mbovu. Mnunuzi wa kule amebaki na mwanasheria. Wa kwetu hana hata huyo.

Bastola zinazozunguka katika ukanda huu nyingi ni za zamani: Browning za kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, Tokarev na Makarov za Kirusi, na ndugu zao waliotengenezwa China. Kila moja ina tabia yake, na tabia hiyo mara nyingi inadhaniwa kuwa kasoro. Tokarev ya asili haina kitufe cha usalama. Nyundo inasimamishwa katikati tu, na kipande hicho kikiwa kimechakaa, pigo au kuanguka kunaweza kuifyatua. Haikuharibika, ndivyo ilivyoundwa tangu miaka ya 1930. Browning ya zamani nayo, ukitoa kikasha cha risasi, kifyatulio hakifanyi kazi. Mtu aliyeizoea hiyo anapopata bastola nyingine anafikiri ni vilevile: anatoa kikasha, anavuta kwa mchezo, na risasi iliyobaki ndani ya chemba inatoka. Ajali za namna hiyo zinajulikana duniani kote, na kasoro haipo kabisa.

Halafu kuna masasi. Watu wanasema tu "tisa milimita," kana kwamba ni kitu kimoja. Risasi ya Makarov ni fupi na nene kidogo kuliko ile ya Browning, na hazibadilishani. Anayelazimisha moja katika nyumba ya nyingine atapata bastola inayokwama, au mbaya zaidi, inayompasukia mkononi. Ongeza unyevu wetu. Risasi iliyokaa miezi kwenye pirogi kati ya Kigoma na Ubwari, au chini ya majani ya nyumba wakati wa mvua, haina uhakika tena. Inaweza kukataa. Inaweza pia kuchelewa na kulia wakati mwenyewe amekwisha kuigeuza aangalie ndani ya mtutu.

Wazee wa hapa hawatashangaa. Mwaka 1965 Che Guevara aliingia kupitia Kigoma na kuweka kambi Kibamba, kando ya ziwa, na maandishi aliyoyaacha yamejaa malalamiko juu ya wapiganaji waliopewa bunduki bila kufundishwa, wengine wakifumba macho wanapopiga. Tangu wakati huo silaha zimebadilika mara nyingi, mafunzo kidogo sana.

Sasa sheria. Sheria ya Kongo juu ya silaha ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Inamtaka raia awe na ruhusa kabla ya kumiliki, na silaha za vita haziruhusiwi kwake kabisa. Sheria za kijeshi za 2002 zinampeleka hata raia mbele ya mahakama ya kijeshi akikamatwa na silaha ya vita. Ni haki kuwa hivyo. Hakuna nchi inayoweza kuacha bunduki za vita zitembee kama jembe. Lakini matokeo yake huku Fizi ni kwamba aliyekosea, akanunua, akaogopa, hana mlango wa kutokea. Akiirudisha anahofia kufungwa. Akiitupa ziwani, mvuvi ataivua. Kinachobaki ni kumuuzia mwingine, na kwa kawaida hatamwambia kasoro yake. Kwa njia hiyo bastola mbovu inatembea kutoka mkono hadi mkono, na kila anayeipokea anafikiri amepata bahati.

Tatizo hili limewahi kufikiriwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kongo iliitia sahihi, inataka kila silaha itiwe alama na kuandikwa, tena inataka nchi zihimize raia kurudisha silaha kwa hiari. Kinshasa ina tume yake ya kitaifa ya kudhibiti silaha ndogo, na tangu 2021 kuna programu ya P-DDRCS. Lakini programu hii inawaza makundi: kamanda, orodha ya wapiganaji, kambi ya kuwapokea. Haimuwazi mama wa Mboko aliyekuta bastola ya marehemu mume wake chini ya kitanda. MONUSCO, ambayo wengi waliiona kama mlango wa tatu, iliondoka Kivu ya Kusini katikati ya 2024.

Kuna wanaoogopa kwamba mlango ukifunguliwa watu wataleta vyuma chakavu na kuficha bunduki nzuri. Ni kweli, hali hiyo imeonekana katika programu nyingi za kurudisha silaha. Katanga mchungaji Mulunda alipokuwa akibadilisha bunduki kwa baiskeli, miaka ya 2000, maneno hayo yalisemwa pia. Kwa maoni yangu hoja hiyo inasahau kitu. Bunduki mbovu ndiyo inayoua mtoto ndani ya nyumba. Ikitoka, hata kama ile nzima imebaki porini, kuna familia imepona. Na haihitaji dola: inahitaji barua moja ya auditora ya kijeshi inayosema kwamba anayeleta silaha kwa hiari, mbele ya chifu, padri, mchungaji au shekhe, hatashitakiwa kwa sababu ya kuileta. Nani atatia sahihi barua hiyo wakati mamlaka za jimbo zenyewe zimehamahama tangu Bukavu ianguke, ndilo swali gumu.

Wakati huo unasubiriwa, aliye na bastola anayoitilia shaka asiijaribu kwa kupiga, nyumbani wala shambani. Mdomo wake uelekee chini au mahali pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Ikiwa imevutwa na haikulia, aishike hivyo hivyo angalau dakika nzima, asiiangalie ndani. Kikasha kitolewe kwanza, ndipo chemba ifunguliwe na kuangaliwa, kwa jicho na kwa kidole, mara mbili. Masasi yawekwe mbali nayo. Fundi wa baiskeli au mhunzi asipewe aipige tupa: kupunguza chuma kidogo pale nyundo inaposhikia kunaweza kuifanya bastola iliyokuwa nzito iwe inalia kwa kuguswa tu. Na anayeuziwa leo aulize swali moja kabla ya kutoa dola: kwa nini mwenyewe anaiacha?