Unaponunua klachi, usisahau flaiwili

KWA mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu moja, hakuna kifaa kinachofanya kazi kubwa na kukumbukwa kidogo kama klachi. Matairi yanaonekana, oili inapimwa kila asubuhi, betri ikifa kila mtu anajua. Klachi yenyewe imejificha kati ya injini na gia boksi, na mwenye gari huikumbuka siku anapopandisha mlima Kitonga akiwa na mifuko ya mbolea, injini inanguruma lakini gari linakwenda mwendo wa jongoo. Harufu ya kuungua ikishaingia ndani, maamuzi yanayofuata hufanywa kwa haraka, pembeni mwa barabara, na mtu asiye na pa kwenda. Hapo ndipo wauzaji wa spea feki wanapopata riziki yao.

Msimamo wangu ni huu. Gari linalofanya kazi kila siku, liwe Hilux ya mizigo au saluni ya gia za mkono inayopeleka watoto shule na vitenge sokoni, halihitaji klachi ya mashindano wala klachi ya bei ya kutupa. Linahitaji seti kamili ya kiwango cha kawaida, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, pamoja na flaiwili iliyokaguliwa na kusawazishwa. Wengi wetu tunakubali sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo, ila tukifika kwenye flaiwili tunafunga pochi.

Kabla hujatoa hata senti moja, hakikisha ni klachi kweli iliyokufa. Mafundi wengi wamezoea kushusha gia boksi kwanza na kufikiri baadaye. Kama klachi inateleza, huenda pedali imekazwa mno kiasi kwamba haina nafasi ya kucheza, na hilo hurekebishwa kwa spana tu. Kama gia zinagoma kuingia, angalia silinda mbili za maji ya klachi, ya juu na ya chini, maana mpira wake ukichoka maji huvuja na pedali hulala. Kipimo rahisi cha kuteleza ni hiki: gari likiwa tambarare, mahali pasipo na watu mbele, vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima mara moja, klachi yako bado inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo una kazi ya kufanya. Usilirudie zoezi hili mara kumi kuwaonyesha marafiki, maana kila mara unaichoma.

Sasa twende dukani. Klachi inauzwa kama seti ya vitu vitatu: pleti yenye ngozi pande mbili, presha pleti inayoibana, na beringi inayosukuma unapokanyaga pedali. Kuna watu hubadilisha pleti peke yake ili kuokoa fedha. Presha pleti iliyokwisha pata joto imelegea springi zake, na beringi iliyochoka itaanza kulia miezi michache baadaye. Gharama kubwa katika kazi hii ni kushusha gia boksi, na gia boksi haishuki kwa nusu bei kwa sababu umenunua kifaa kimoja.

Tuchukue hesabu ya mfano, nawe uweke bei za mtaani kwako. Seti feki iwe shilingi 150,000, seti nzuri shilingi 350,000, na ufundi shilingi 100,000. Feki ikidumu miezi minane, ndani ya miaka miwili utakuwa umeinunua na kuifunga mara tatu, yaani shilingi 750,000. Aliyenunua nzuri mara moja ametumia shilingi 450,000. Hapo hatujahesabu matenga ya nyanya za Ilula yaliyolala njiani siku mbili juani, na mnunuzi wa Dar es Salaam ambaye safari ijayo atampigia simu mtu mwingine. Rahisi ghali, walisema wazee, na hawakuwa wanazungumzia magari.

Je, mtengenezaji gani? Kampuni zinazotengeneza klachi kwa viwanda vya magari zinafahamika. Aisin na Exedy ni za Japani, na Exedy ndiyo ile ambayo mafundi wa zamani waliijua kwa jina la Daikin kabla ya kubadili jina mwaka 1995. Valeo ni ya Ufaransa, Sachs na LuK ni za Ujerumani. Si lazima ununue boksi lenye nembo ya kampuni ya gari lako ili upate kitu kizuri, kwani mara nyingi kilichomo ndani kimetoka katika kiwanda kimojawapo cha hivyo, na unalipia nembo. Tatizo ni kwamba majina hayo hayo ndiyo yanayoigizwa. Kwa hiyo usinunue boksi, nunua kilichomo. Rivati zinazoshika ngozi ziwe zimezama kwa usawa, chapa iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe na siyo kwenye karatasi tu. Nenda na pleti yako ya zamani, uilinganishe na mpya kwa upana na kwa idadi ya meno ya katikati. Toyota nyingi huwa na meno 21, lakini usiende kwa mazoea. Hesabu kwa kidole.

Dai risiti ya mashine. Bila risiti huna dhamana, na ukitaka kulalamika Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, utaanza na maneno matupu.

Upande wa pili kuna ugonjwa wa "hevi dyuti". Muuzaji akisikia unabeba mizigo, anakutolea klachi yenye vipande vya ngozi ngumu mchanganyiko wa chuma, na presha pleti yenye springi kali. Ataapa kwamba haifi. Ni kweli inavumilia joto kali, ndiyo maana wanaoshindana mbio wanaipenda. Lakini ngozi ya namna hiyo haina subira. Inashika ghafla, gari linaruka kama punda aliyechokozwa, na flaiwili inalika upesi. Pedali inakuwa nzito mguuni, na uzito huo haupotei hewani: unabeba beringi, unabeba silinda za klachi, unabeba hata vipande vinavyozuia krenki isisogee mbele na nyuma. Dereva anayesimama na kuondoka mara mia kwa siku katika foleni ya Mbagala hatakushukuru. Kama gari lako kwa kawaida linabeba uzito lililoundiwa, klachi ya kawaida inatosha. Kama linabeba mara mbili ya uzito huo, samahani, tatizo lako siyo klachi.

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki, na pleti ya klachi hubanwa kati yake na presha pleti. Uso wake ni nusu ya klachi. Klachi ikiteleza kwa muda mrefu, uso huo hupata joto, unapata madoa ya bluu, mifereji, na nyufa ndogo kama za tope lililokauka. Ukifunga pleti mpya juu ya uso wa namna hiyo, itagusa sehemu chache tu, itatetemeka kila unapoondoka, na itaungua mapema. Ndipo mteja anarudi dukani kugomba kwamba kauziwa feki, kumbe safari hii muuzaji hana kosa.

Dawa yake ni kuipeleka kwa mkerezaji asawazishe uso. Kazi hii ni ndogo ukilinganisha na bei ya seti, na ifanyike kila gia boksi inaposhuka kwa ajili ya klachi. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya flaiwili zina ngazi, yaani sehemu presha pleti inapofungwa na sehemu pleti inapogusa haziko usawa mmoja. Akichonga moja lazima achonge na nyingine kwa kiasi kilekile, la sivyo nguvu ya kubana inabadilika. Pili, kila flaiwili ina unene wa mwisho. Ikishafika hapo, au ikiwa na ufa ulioingia ndani, haichongwi, inatupwa. Chuma hiki kinazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika karibu na miguu ya dereva.

Hapa nitasema jambo ambalo wenye maduka hawatalipenda. Klachi ya mtumba sikushauri hata kwa bure, kwa sababu huijui imebakiza nini. Lakini flaiwili ya mtumba, iliyotoka kwenye injini ya aina yako, isiyo na ufa, yenye meno mazima ya kushika starta, ikasawazishwa, ni bora kuliko flaiwili mpya isiyo na jina wala chapa. Chuma kilichosubuliwa vizuri Japani hakizeeki kwa miaka ishirini. Zile flaiwili nyepesi zinazosifiwa na vijana waache wenyewe. Uzito wa flaiwili ndio unaolisukuma gari linapoanza kuondoka na mzigo. Ukiupunguza, injini itazima kila kwenye tuta.

Kwa wenye pikapu za dizeli za karibuni, mfano Nissan Navara D40, habari ni tofauti. Hilux za injini za 3L na 5L zina flaiwili ya kipande kimoja. Hizi za karibuni nyingi zina flaiwili ya vipande viwili vyenye springi katikati, inayomeza mtikisiko wa injini kabla haujafika kwenye gia boksi. Ni ghali, na kwa kawaida haichongwi. Mafundi wamegundua njia ya kufunga flaiwili ya kipande kimoja badala yake. Njia hiyo inafanya kazi, mradi ununue seti kamili iliyotengenezwa kwa mabadiliko hayo, ambayo pleti yake ina springi za kufidia zilizoondolewa. Ukiokota flaiwili huku na pleti kule, mtikisiko wote utaishia kwenye gia boksi. Binafsi, gari likiwa na mwenye uwezo, ningeacha ya kiwandani. Likiwa la kazi tu na fedha haitoshi, seti kamili ya mabadiliko siyo dhambi.

Gereji, simama hapo hapo. Mwambie fundi aangalie oili sili ya nyuma ya krenki, kwani tone la oili likigusa ngozi mpya ni hasara tupu. Abadilishe beringi ndogo ya katikati ya krenki kama ipo. Asipulize vumbi la klachi kwa upepo, alifute kwa kitambaa chenye maji. Ngozi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Nati za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Na vifaa vya zamani vyote ondoka navyo.

Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito. Ndiyo maana kazi hii inafaa kufanywa kabla ya msimu wa mavuno, wakati gari linapumzika na bei unaweza kuizungukia maduka matatu. Halafu zungumza na dereva wako. Anayeegesha mguu juu ya pedali safari nzima, au anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, atamaliza hata ile ya Japani kabla ya mwaka kwisha. Wapo matajiri wanaowapa madereva wao bakshishi kila klachi inapovuka mwaka wa pili, na ukipiga hesabu utaona fedha hiyo haifiki hata gharama ya kushusha gia boksi mara moja.