Jina la Fanani katika Usambazaji wa Mchiriku na Singeli

Mjadala kuhusu usambazaji wa muziki wa vijana wa Temeke na Kinondoni aghalabu huanza na kuishia kwenye neno moja: wizi. Nakala husambaa, msanii hapati chochote. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Makala hii inashikilia kwamba pamoja na fedha hupotea pia jina la fanani, na kwamba wanataaluma wa fasihi simulizi wanashiriki katika upotevu huo.

Mchiriku, wenye asili yake katika ngoma za Wazaramo, ulishamiri katika miaka ya 1990 kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa katika vipaza sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilihodhi utangazaji wa Tanzania Bara hadi sheria ya 1993 iliporuhusu vituo binafsi. Hata baada ya hapo, muziki ulionasibishwa na uhuni haukupewa nafasi kubwa redioni. Njia yake ikawa kaseti. Wasambazaji wa Kariakoo walizoea kununua kazi za wasanii kwa malipo ya mkupuo. Baada ya hapo nakala zilijiendea zenyewe vibandani, kwenye daladala na katika sherehe za mitaani.

Njia hiyo haikuwa chombo tu cha kubebea wimbo. Katika muziki huu ni kawaida kutaja kikundi, mpiga kinanda au mtaa ndani ya wimbo wenyewe. Mchambuzi wa matini peke yake ataona majigambo. Akizingatia usambazaji, ataona pia hati ya umiliki ambayo mnakili hawezi kuibandua kama karatasi ya kaseti. Jambo hili si geni katika Kiswahili. Mwana Kupona alitaja ndani ya utendi wake mwaka wa utunzi, 1275 wa Hijra (1858), pamoja na idadi ya beti. Tungo iliyopita mikononi mwa wanakili ilihitaji kubeba ushahidi wake yenyewe.

Singeli, iliyorithi mengi kutoka mchiriku, ilisafiri kwa kadi za simu na flashi. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo *Sounds of Sisso* kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo. Kabla yake, mwaka 2012, Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa *Bongo Hotheads* ya kikundi cha mchiriku cha Jagwa Music. Huko majina yalichapishwa. Inasikitisha kwamba msikilizaji wa Brussels anaweza kumtaja mtayarishaji kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Mlimani aliyepokea wimbo huohuo kwa simu.

Huenda ikasemwa kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatosha. Lakini sheria humlinda mtunzi anayetambulika. Sheria hiyohiyo inazitenga sanaa za jadi katika sehemu yake, na humo wimbo usio na jina huelekea kuangukia. Mtafiti anayeandika “wimbo wa mtaani” na kuishia hapo anausukuma huko, ilhali mtunzi wake huenda yu hai Mbagala.

Wengine watasema kwamba umiliki wenyewe una utata, kwa kuwa kikundi hutunga kwa pamoja na watayarishaji wa singeli huchukua vipande vya taarabu na kuviharakisha. Hoja hii ni ya kweli, lakini inadai kuandikwa kwa majina mengi zaidi, si kuachwa kwa yote. Mwimbaji, mpiga kinanda, studio, mtaa, tarehe, na njia ambayo nakala ilimfikia mtafiti: haya ni sehemu ya data, sawa na beti zenyewe.

Kaseti za miaka ya 1990 zinachakaa na waliozirekodi wanazeeka. Idara za Kiswahili hazina budi kuzikusanya pamoja na masimulizi ya wenyewe, wakati bado wapo wa kuuliza. Mwanafunzi wa uzamili anayechambua sitiari za wimbo bila kumtafuta aliyeuimba hajamaliza kazi yake ya uwandani.