Kalamu Haifungwi

Wapo wenzetu wasemao kwamba maandishi ya mfungwa ni malalamiko tu, wala hayafai kusomwa shuleni. Mimi sikubaliani nao.

Katika fasihi ya Kiarabu maandishi hayo ni ya tangu zamani. Abu Firas al-Hamdani, mshairi wa karne ya 10 na jamaa wa mtawala wa Aleppo, alitekwa vitani na Warumi wa Byzantium, akafungwa Constantinople. Huko alitunga mashairi yaitwayo Rumiyyat, nayo yangali yakisomwa. Mwaka 1981, daktari na mwandishi Nawal El Saadawi alitiwa katika jela ya wanawake ya Qanatir, nchini Misri. Alinyimwa kalamu na karatasi. Akaandika kwa kalamu ya wanja juu ya karatasi ya chooni, na baadaye akatoa kitabu.

Ikiwa hayo ni malalamiko tu, mbona wakubwa wa jela waliogopa karatasi? Hakuna azuiaye neno lisilo na uzito. Basi tuyasome, tena tuyapime kwa haki. Kwani msomaji anayeyatupa bila kuyasoma amemsaidia askari jela kufunga mlango.