Ufa Huzibwa kwa Kitu Gani?

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa katika kila shule nchini. Ajabu ni kwamba mwanafunzi haulizwi kamwe: ufa wenyewe huzibwa kwa kitu gani? Nauliza kwa sababu madarasa na mabweni mengi ya zege yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 sasa yana nyufa, na dawa yake aghalabu huwa plasta nyembamba ya saruji na mkono mmoja wa rangi kabla ya siku ya wazazi.

Huko ni kufunika jipu kwa kitambaa. Zege likizeeka, kabonidioksidi hulipenya polepole na kupunguza alkali inayokinga vyuma. Pwani, chumvi ya bahari huzidisha madhara. Chuma hushika kutu, na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuka kutoka ndani. Anayepaka juu bila kuchimbua na kusugua chuma amewahadaa wanaolala chini ya dari hiyo.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, lakini lugha yetu ina la kusema hapa. Tazama vitenzi ambata, fumbata na kamata. Vyote vina -at-, kiambishi cha kale cha Kibantu chenye maana ya vitu kugusana na kushikana. Kuambatana hudai pande mbili zinazopatana. Saruji ngumu ikibandikwa kwenye kuta za matumbawe na chokaa, kama zile za Lamu, hunasa unyevu ndani, na mwishowe hubanduka pamoja na jiwe laini.

Siku hizi wahandisi huimarisha boriti na nguzo za zege kwa vitambaa vya kaboni vilivyobandikwa kwa gundi ya epoksi. Nguvu yake haina ubishi. Ila gundi hiyo hutokana na mafuta ya petroli, na nyingi hulainika joto lifikapo digrii 60 hadi 80 za selsiasi. Nasi tuliozika wanafunzi zaidi ya 60 wa Kyanguli mwaka 2001 hatuwezi kulichukulia kwa wepesi neno moto.

Ipo njia nyingine: nyuzi hufumwa wavu na kuzamishwa katika plasta ya madini badala ya gundi. Plasta hiyo haiungui, fundi huipaka kwa mwiko aliouzoea, na sehemu ya saruji yake yaweza kubadilishwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa na kusagwa. Si jambo dogo, kwani saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kabonidioksidi itokanayo na shughuli za binadamu. Hata katani imejaribiwa. Alkali ya saruji huila, na udongo huo huipunguza. Lakini alkali hiyohiyo ndiyo ngao ya chuma, kwa hiyo vipimo na vitoke maabara, si kwa kukisia.

Maelekezo ya haya yote huandikwa kwa Kiingereza cha kihandisi, ilhali mwenye mwiko hufanya kazi kwa Kiswahili. Vyuo vya ufundi na idara za Kiswahili zikikaa pamoja, kijitabu cha kurasa 20 kingetosha: jinsi ya kugonga zege na kutambua mlio wa uwazi, jinsi ya kukwaruza uso wa zamani, wakati wa kuulowanisha, na siku ambazo plasta haifai kuachwa ikauke. Istilahi zake niko tayari kuwapa wanafunzi wangu wa uzamili muhula ujao.