Kidonge cha mwenzako

Oktoba 2024 mjini Chicago, Mkenya Ruth Chepngetich alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla yake, hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 14, 2025, mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo na inayoweza kuficha dawa nyingine. Kiwango cha kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na 3,800.

Mwishowe alisema aliugua, akameza dawa ya dada wake wa kazi bila kuikagua. Wachunguzi hawakushawishika, hata ingekuwa kweli, walisema, huo ni uzembe wa kupindukia. Alifungiwa miaka 3, na ingekuwa 4 kama asingekiri mapema. Rekodi imebaki.

Wapo wanaouona ukatili. Mama wa Pajulu anayevusha mzigo Vurra kwenda Ariwara hatashangaa: furushi lililo kichwani mwako ni lako, hata kama ulibebeshwa na jirani.

Ila kanuni hiyo humbana mmezaji, humwacha muuzaji. Na nani asiyejua vidonge vinavyohesabiwa na kufungwa kwenye karatasi, bila boksi wala jina? Kijana anayefanya mazoezi ya mbio alfajiri, akishikwa na homa, hununua hapohapo. Muuzaji wa Arua au Koboko anayempa vidonge bila jina amemnyima kitu pekee ambacho angeweza kumwonyesha daktari kabla ya kumeza.